Mwenye Siku Yake

Jumatatu ya tarehe 13 Januari 1947, winchi za bandari ya Kilindini, Mombasa, hazikulia. Meli zilikuwa gatini na ngama zake zimejaa, lakini makuli hawakutokea langoni. Karakana za reli zilinyamaza. Mahotelini wageni waliamka wakakosa wa kuwapikia chai, na kwenye nyumba za Wazungu na Wahindi wapishi na maboi hawakuonekana. Watu wapatao 15,000 walikuwa wamegoma siku hiyo moja, mji mzima, na maelfu yao wakaelekea mtaa wa Majengo, kwenye uwanja waliouita Kiembeni. Pale wakaunda chama, wakachagua wasemaji, na wakawa wanakutana kila siku. Mgomo ulidumu siku 12.

Ukiuliza waligomea nini, jibu la haraka ni mshahara, na jibu hilo ni la kweli. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu: unga, nguo, mafuta ya taa, kodi ya chumba. Lakini mshahara peke yake hauelezi kwa nini kuli wa siku, mpishi wa hotelini na karani wa reli, watu waliolipwa kwa namna tofauti kabisa na wasiokaa hata mtaa mmoja, walisimama pamoja uwanjani. Ili kuwaelewa inabidi turudi nyuma nusu karne, kwenye ugomvi mrefu uliokuwa ukiendelea Mombasa kati ya watu na wakubwa wao. Ugomvi huo ulihusu siku ya mtu: nani ana haki ya kuipanga, na mtu akishauza siku yake ya leo, je, amekwisha kuiuza na ya kesho?

Kabla Waingereza hawajaitwaa pwani mwaka 1895, kazi ya siku ilikuwa imekwisha kuzoeleka Mombasa, na wengi walioifanya walikuwa watumwa. Mfanyabiashara aliyetaka mizigo yake ishushwe jahazini hakulazimika kuwa na watumwa wake mwenyewe. Alikodi wa wenzake. Mtumwa wa mjini alitoka asubuhi, akatafuta kazi, jioni akapokea ujira, na sehemu ya ujira ule, mara nyingi nusu, akampelekea bwana wake. Nusu iliyobaki ilikuwa yake. Baadhi yao walipanga mahali pao pa kulala, wakajipikia, wakaonekana kwa bwana siku ya kutoa fungu lake tu. Hali hiyo haikuwa uhuru, na tusiipambe: mtu huyo angeweza kuuzwa kesho. Ila iliwafundisha watu wa mji ule kwamba siku ina bei, na kwamba ugomvi wote uko kwenye mgawanyo.

Mwaka 1907 sheria ikaufuta utumwa kwenye ukanda wa pwani ya Kenya, Zanzibar ikiwa imetangulia kwa miaka kumi. Wenye watumwa wakalipwa fidia. Watumwa hawakulipwa kitu. Walichokipata ni ile nusu nyingine ya ujira.

Waingereza walitarajia kwamba mtumwa akishaachiwa atageuka mfanyakazi wa shamba, aje asubuhi kwa kengele, aondoke jioni kwa kengele, siku sita kwa wiki, mwaka hadi mwaka. Hakuja. Wengi walijikatia vijishamba vya mihogo na mahindi kandokando ya minazi ya mabwana wa zamani, wakaishi humo kwa makubaliano ya mdomo, na fedha taslimu ikihitajika wakaingia mjini kuifuata. Mashamba makubwa ya pwani yakakosa watu. Ripoti za maafisa zikaanza kurudia neno moja mwaka baada ya mwaka: uvivu.

Neno hilo linaniudhi kila ninapokutana nalo, kwa sababu lilitumika kuhalalisha mambo mazito. Chukua habari ya Wagiriama. Hawa walikuwa wakulima hodari wa nafaka, waliolima ng'ambo ya mto Sabaki na kuuza mahindi yao hadi masoko ya pwani. Walikuwa na kazi tele. Walichokosa ni haja ya kumfanyia mtu mwingine. Serikali ikaweka kodi ya nyumba, ikamtuma afisa wake, Arthur Champion, kuhesabu watu na kudai vijana wa kwenda kufanya kazi mbali na kwao. Mwaka 1913 mwanamke mmoja wa makamo, Mekatilili wa Menza, akazunguka kijiji hadi kijiji akiwalisha watu kiapo wasitoe vijana wao. Alikamatwa, akapelekwa Kisii, mamia ya kilomita kutoka nyumbani, akatoroka na kurudi kwa miguu. Agosti 1914 Waingereza wakalipua kwa baruti kaya kuu ya Wagiriama, na vita vilivyozuka vilipokwisha wakawatoza faini ya rupia 100,000 pamoja na vibarua 1,000. Faini ya watu! Serikali iliyojisifu kwa kuukomesha utumwa miaka saba kabla ya hapo sasa ilidai siku za watu kama adhabu.

Bara mambo yalikuwa makali zaidi. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutumika Vita vya Kwanza vya Dunia vilipomalizika. Kila mwanamume Mwafrika alibeba karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na karatasi hiyo aliivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Bila saini ya mwajiri ya kumwachia, hakuweza kuandikwa kwingine, na akiondoka ametoroka, kosa la jinai. Mtu wa mwezi, yaani aliyeajiriwa kwa mshahara wa mwezi, aliuza mwezi wake mzima pamoja na haki ya kubadili nia katikati.

Ndiyo maana Kilindini ilivuta watu. Kuli wa siku hakuwa na mwajiri mmoja wa kumshikia saini.

Hadi katikati ya miaka ya 1920 meli kubwa zilitia nanga katikati ya maji, na mizigo ilishushwa kwenye matishari ndipo iletwe ufukoni. Gati za kina kirefu zilifunguliwa kuanzia 1926, meli zikafunga ubavuni mwa nchi kavu, na shehena ikaongezeka mwaka hadi mwaka. Kazi yenyewe haikulainika. Asubuhi na mapema watu walikusanyika langoni. Serahangi, kiongozi wa kikosi, alitokea na kuanza kuita. Aliowajua aliwaita kwanza: ndugu, majirani, waliofanya naye kazi vizuri jana, na pengine waliomkumbuka kwa kitu kidogo. Aliyeitwa aliingia, aliyekosa alirudi kunywa uji na kungoja meli nyingine.

Kikosi kiliteremka ngamani kwa ngazi ya chuma. Kule chini hewa ilikuwa nzito, na kadiri jua lilivyopanda, ndivyo chuma cha meli kilivyozidi kuchoma. Watu walipanga magunia juu ya wavu wa kamba, wakazikusanya pembe zake, wakazitia kwenye ndoano, kisha kila mmoja akarudi nyuma hadi ukutani. Juu sitahani alisimama mwenzao mmoja akichungulia chini na kumpigia mwendesha winchi ishara za mkono, maana mwendesha winchi hakuona ngamani. Maisha ya walio chini yalikuwa kwenye mkono wa yule mtu. Ishara ikichelewa, au kamba ikiwa imechakaa, mzigo uliponyoka juu ya vichwa vya watu. Gunia la kahawa lilikuwa na uzito wa kilo 60. Marobota ya pamba kutoka Uganda yalizidi hapo kwa mbali. Magadi, yaliyoletwa kwa reli kutoka ziwani, yaliingia machoni na kuwasha kila mahali penye mkwaruzo.

Kwa kazi hiyo kuli wa siku alilipwa kuzidi fungu la siku la mtu wa mwezi, na zile siku ambazo hakwenda zilikuwa zake. Mdigo wa kusini aliweza kufanya kazi wiki mbili, akalipa kodi, akanunua kanga, sukari na nyembe, akavuka Likoni kurudi kwenye minazi yake hadi haja nyingine itakapomrudisha. Mtu wa Rabai alifanya vivyo hivyo. Mwenye harusi alikwenda harusini. Mwezi wa Ramadhani Mwislamu alipunguza siku za kubeba. Maafisa walihesabu siku alizofanya kazi na kuona mvivu. Siku ya nazi, siku ya kuvua, siku ya kuezeka nyumba ya mama yake, siku ya msiba, zote hizo hazikuwa na safu kwenye daftari lao. Watu wa pwani husema kazi mbi si mchezo mwema. Wenye methali kama hiyo hawakuhitaji kufundishwa na mtu thamani ya kutoka jasho.

Na tuseme kweli, mpango huu ulizifaa hata kampuni za meli. Leo meli tano, keshokutwa hakuna hata moja. Kibarua wa siku hakuhitaji nyumba, wala dawa, wala mshahara wa siku zisizo na meli, na alipoumia hakuna aliyemdai mwajiri. Kwa hiyo kampuni zilinung'unika juu ya uvivu huku zikifaidi uhuru ule ule.

Heshima ya watu hawa pia ilikuwa na makao yake, na makao hayo yalikuwa nje ya bandari. Mombasa ya wakati ule ilikuwa na vyama vya ngoma ya beni, Kingi na Sikochi, vyenye vyeo, sare na paredi. Mtu aliyeshinda mgongo umeinama chini ya gunia aliweza jioni kuwa mwenye cheo, akapigiwa saluti na wenzake. Wanawake walikuwa na vyama vyao vya ngoma ya lelemama vilivyoshindana kwa mavazi, karamu na nyimbo hadi watu wakafilisika. Wanahistoria wengine wameiona hiyo kama michezo ya kuiga wakubwa. Mimi naona watu waliojua tofauti kati ya kinacholeta chakula na kinachompa mtu jina. Hao wanawake, isitoshe, ndio walioushikilia mji: kuna waliokuwa na nyumba za Kiswahili wakikodisha chumba kimoja kimoja, na kuna waliokaanga mahamri na kupika mbaazi kabla ya alfajiri ili kikosi kiingie ngamani kimeshiba. Kazi yao haikuandikwa kwenye rejesta yoyote ya bandari, wala tume yoyote haikuona haja ya kuuliza saa zao.

Uhuru wa kuli wa siku ulisimama juu ya nguzo mbili: ujira mzuri wa siku na shamba la kurudia. Miaka ya 1930 nguzo zote mbili zilitikisika. Mdororo wa uchumi duniani ulipunguza shehena na ujira, na makuli wakagoma mwaka 1934. Watu wa bara, Wajaluo, Wakamba, Wakikuyu, wakazidi kuingia mjini, na hao shamba lao lilikuwa mbali mno kulifikia Jumamosi na kurudi Jumatatu. Vyumba vya Majengo vikajaa, kodi ikapanda. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 1939 mgomo ulianza kwa wafanyakazi wa mwezi, ukaenea mjini hadi bandarini. Tume iliyoongozwa na Willan ikaona ilichokiona kila mkazi: watu hawana mahali pa kulala. Zikatolewa posho za nyumba kwa watu wa mwezi, na mambo yakasukumwa mbele.

Kisha vita. Mwaka 1942, Wajapani walipoishambulia Ceylon, meli za kivita za Waingereza katika Bahari ya Hindi zilihamia Kilindini, na bandari ikafanya kazi usiku na mchana. Makuli wakaanza kuandikishwa. Serikali sasa iliona hatari pale pale ilipokuwa imezoea kuona uvivu: mji wenye maelfu ya watu wasio na mwajiri mmoja, wasiofukuzika kwa sababu hawakuajiriwa, wanaoweza kulala na kutotokea kesho yake bila kuvunja mkataba wowote.

Januari 1947 hofu hiyo ikatimia, lakini kwa namna ambayo hawakuitazamia. Mtu wa mwezi naye hakutokea. Kiembeni walikaa pamoja wabeba mizigo, makarani, madereva, maboi, Waislamu na Wakristo, watu wa pwani na wa bara. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alitumwa kutoka Nairobi kuwasihi warudi, kwa ahadi kwamba madai yao yatachunguzwa. Wakarudi. Baraza la usuluhishi likaundwa chini ya Ransley Thacker, yule yule aliyekuja kumhukumu Jomo Kenyatta Kapenguria, na mishahara ikapandishwa.

Uongozi wa chama ukashikwa na Chege Kibachia, kijana aliyesoma shule ya Alliance. Madai aliyoyaeleza yanastahili kusomwa polepole na yeyote anayedhani mgomo ni fedha tu. Alitaja bei na kodi za nyumba, ndiyo. Alitaja pia malipo tofauti kwa kazi ile ile kwa sababu ya rangi, dharau ambayo Mwafrika alikutana nayo popote alipoajiriwa, na mshahara uliokadiriwa kana kwamba mfanyakazi hana mke wala watoto. Dharau aliiweka katika orodha moja na mshahara, na kwa maoni yangu hapo ndipo ulipokuwa moyo wa Kiembeni. Agosti mwaka huo huo alikamatwa, akafungiwa Kabarnet, Baringo, kwa karibu miaka kumi.

Serikali ilimwondoa Kibachia, lakini madai yake iliyajibu, kwa njia yake. Wakubwa wa miaka ya 1950 walifikia uamuzi kwamba mfanyakazi atatulia endapo atafungwa kwenye kazi moja kwa vitu vizuri: mshahara wa kulea familia, nyumba, nyongeza ya kila mwaka, malipo ya uzeeni. Ripoti ya Carpenter kuhusu mishahara ya Waafrika, ya 1954, ilisema waziwazi kwamba mshahara wa mtu mmoja mseja hautoshi, na kwamba ulenge mtu mwenye mke na watoto. Mwaka huo huo bandarini ukaja mpango wa kumaliza kazi ya siku. Rejesta ikafungwa. Aliyemo sharti atokee siku zilizopangwa, kuwe na meli, kusiwe na meli. Asipotokea vya kutosha, jina linafutwa. Mtu wa Rabai aliyekuja na kwenda kwa miaka 20 akatakiwa achague, bandari au minazi.

Wengi walichagua bandari, na siwezi kuwalaumu. Machi 1955, katikati ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, maelfu ya makuli waligoma tena. Tom Mboya, katibu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, kijana wa miaka 24 aliyewahi kuwa mkaguzi wa afya wa halmashauri ya Nairobi, akaja Mombasa, akawashawishi warudi kazini na shauri likapelekwa kwa msuluhishi. Wakapata nyongeza ya asilimia 33. Ulikuwa ushindi wa jasho lao, uliosikika Kenya nzima wakati ambapo vyama vya siasa vilikuwa vimepigwa marufuku. Kuli wa rejesta akaanza kumudu karo ya watoto, akajenga nyumba ya mawe, akaitwa mtu mwenye kazi.

Hapo ndipo wazo letu la leo la kazi lilipozaliwa katika mji huu. Mzazi anayemwuliza mwanawe aliyemaliza chuo kama amepata kazi hamaanishi shughuli. Anamaanisha barua ya kuajiriwa, mshahara wa mwisho wa mwezi, na mahali pa kuripoti. Kijana huyo huenda anaendesha bodaboda kuanzia alfajiri, na bado nyumbani atahesabiwa kuwa hajapata. Wazo hilo lina umri wa babu zetu tu. Lililetwa na watawala walioogopa umati usiofungwa popote, na likapiganiwa na wafanyakazi waliochoka kuhesabiwa kama watu wasio na familia. Pande mbili zilizochukiana zilikutana kwenye rejesta moja, kila moja kwa sababu yake.

Si wote walioingia. Bandari ilihitaji watu wachache zaidi kuliko waliokuwa wakiitwa langoni zamani, na waliobaki nje walibaki na mikokoteni, na majengo yanayojengwa, na masoko. Hao ndio wa kwanza kuitwa vibarua kwa sauti ya kushushwa, katika mji ambao kibarua hodari wa ngamani alikuwa ametembea kifua mbele.

Na walioingia hawakuiacha siku yao ipotee kimya. Ukifuatilia migogoro ya bandari kuanzia miaka ya mwisho ya ukoloni hadi baada ya uhuru wa 1963, utaona mshahara kila mara, lakini utaona pia zamu, saa za ziada, likizo yenye malipo, siku za ugonjwa, ruhusa ya msiba. Kuli aliyekuwa akisema leo siendi bila kumwomba mtu sasa alijaza fomu, na chama chake kikasimama mbele ya wakubwa kudai kwamba fomu ile ikubaliwe.